Maji, Mafuta na Tui: Uhakiki wa Lugha ya Vimiminika vya Kunasia Nyutrino

Habari za nyutrino humfikia msomaji wa Kiswahili aghalabu kwa njia ya magazeti, nazo huja zimevikwa vazi la kiganga. Chembe hii huitwa mzuka, husemwa kwamba hupita ukutani na kupenya milima, na msomaji huachwa na mshangao pasipo maarifa. Wasemao hivyo hawakusema uongo. Katika kila sekunde nyutrino zipatazo bilioni 65 zitokazo juani hupita katika kila sentimita moja ya mraba ya uso wa dunia, na karibu zote hutokea upande wa pili bila ya kugusa kitu. Walakini mzuka hauna ushahidi, na nyutrino inao tangu mwaka 1956. Ushahidi huo ulipatikana kwa vitu visivyo na uganga hata kidogo, navyo ni maji, mafuta na chumvi za madini, na katika miaka ya karibuni hata sabuni na nta.

Yafaa basi mzuka uachwe kando, na macho yaelekezwe kwenye vimiminika vyenyewe na kwenye maandiko ya wale waliovitengeneza. Maandiko matatu yatatosha kwa kazi hii: makala ya Frederick Reines, Clyde Cowan na wenzao watatu iliyotolewa katika jarida la Science mwezi Julai 1956, makala ya Minfang Yeh na wenzake wa maabara ya Brookhaven, Marekani, ya mwaka 2011, na makala ya kundi liitwalo LiquidO, iliyotoka mwaka 2021. Kila moja ilileta kimiminika cha namna mpya au matumizi mapya ya kimiminika, na kila moja ililazimika kutafuta jina la kukiita. Majina hayo ndiyo yatakayopimwa hapa, maana siku yatakapoandikwa katika vitabu vya shule kwa Kiswahili, mwanafunzi atajua kwanza jina kabla ya kujua kitu.

Jina la chembe yenyewe lina historia ya kuchekesha kidogo. Wolfgang Pauli alipoikisia mwaka 1930 aliiita nyutroni. Mwaka 1932 James Chadwick akagundua chembe nyingine, nzito, isiyo na chaji, nayo ikalichukua jina hilo. Ndipo Waitalia waliofanya kazi pamoja na Enrico Fermi wakatumia kiishio cha udogo cha lugha yao, -ino, kama Mswahili atumiavyo ki- kupata kijito katika mto. Kiswahili kimelipokea neno zima pamoja na kiishio chake, na udogo ule hausikiki tena. Hapo hapana hasara kubwa, kwa kuwa nyutrino haionekani wala haina tendo ambalo neno la Kiswahili lingeweza kulichora. Kimiminika kinachoinasa ni jambo jingine kabisa.

Makala ya 1956 inaeleza chombo kilichowekwa karibu na tanuri ya nyuklia ya Savannah River, katika jimbo la South Carolina, mita 11 kutoka tanuri na mita 12 chini ya ardhi. Palikuwa na tangi mbili za maji, jumla yake lita 200 hivi, zilizotiwa chumvi ya kadimi. Tangi hizo zilipangwa kwa tabaka katikati ya tangi tatu kubwa za mafuta, kila moja lita 1,400, na kila tangi la mafuta lilitazamwa na macho ya umeme 110, yaani balbu za kioo zinazogeuza nuru hafifu mno kuwa mpigo wa umeme unaohesabika. Nyutrino ya tanurini (kwa hakika ni antinyutrino) ikigonga protoni iliyomo majini, protoni hugeuka nyutroni, na positroni hutoka. Positroni hukutana papo hapo na elektroni, zikaangamizana, ikatokea miali ya gama. Nyutroni nayo hutangatanga kwa muda wa sehemu chache za milioni ya sekunde, hata imezwe na kadimi, na miali mingine hutoka. Miali hiyo yote huingia katika mafuta na kuyafanya yatoe nuru. Nuru ya kwanza, kimya kifupi, kisha nuru ya pili: ni hodi iliyopigwa mara mbili, na anayeijua hodi ya namna hiyo humtambua mgeni hata asipomwona.

Makala hiyo ina kurasa mbili tu, na kwa ufundi wa uandishi ni bora kuliko nyingi zilizoifuata. Nguvu yake ni kwamba waandishi wanajipinga wenyewe kabla ya kupingwa na wengine. Wanaeleza jinsi walivyobadili sehemu ya maji kwa maji mazito ili protoni zipungue, na hesabu ikapungua kama ilivyotazamiwa. Jinsi hesabu ilivyofuata nguvu ya tanuri. Jinsi walivyopima kila moja ya zile nuru mbili peke yake. Mwishoni inabaki hesabu ndogo, chini kidogo ya hodi tatu kwa saa, iliyokusanywa katika saa 1,371. Msomaji anayeijua kazi hii kwa njia ya masimulizi ya baadaye hushangaa kuona jinsi wenyewe walivyoisema kwa sauti ya chini. Reines alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1995. Cowan alikuwa amekwisha kufariki tangu 1974.

Lakini kuna jambo moja katika mpango wa tangi zile ambalo ni ufunguo wa yote yafuatayo. Maji na mafuta yalitengwa. Maji yalikuwa shabaha ya kugongwa, na mafuta yalikuwa shahidi wa kusema kwamba pamegongwa. Historia ya vimiminika hivi tangu siku ile, kwa sehemu kubwa, ni historia ya kuwaunganisha wawili hao.

Kabla ya kuifuata yafaa kutaja, kwa kuwa vitabu vingi hupita hapo bila ya kusimama, kwamba nyutrino ya kwanza ya asili, yaani isiyotoka katika tanuri ya binadamu, ilirekodiwa katika Afrika. Tarehe 23 Februari 1965 kundi la Reines, likishirikiana na Friedel Sellschop wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, lilipata alama ya nyutrino iliyozaliwa angani, ndani ya mgodi wa dhahabu wa East Rand karibu na Boksburg, kilomita 3.2 chini ya ardhi. Kundi jingine lilipata matokeo ya namna hiyo hiyo katika mgodi wa Kolar, India, mwaka ule ule. Kimiminika cha East Rand kilikuwa mafuta yale yale yenye kutoa nuru, kikishushwa katika mashimo yaliyochimbwa na wafanyakazi Waafrika, mahali ambapo amri za kazi zilitolewa kwa Fanakalo, lugha ya mchanganyiko yenye maneno mengi ya Kizulu.

Sasa juu ya neno. Kiingereza hukiita kimiminika hiki kwa jina lililotokana na Kilatini scintilla, maana yake cheche. Mfasiri mwenye haraka ataandika cheche, naye atakuwa amekosea, kwa sababu cheche ya Kiswahili ni ya moto, huruka kutoka kwenye kijinga au tindo, na huunguza. Mfasiri wa pili ataandika kimulikaji. Hili ni kosa la hila zaidi. Kumulika ni kuelekeza nuru kwenye kitu kingine ili kionekane, kama afanyavyo mwenye kurunzi au mwenye karabai. Kimiminika hiki hakimuliki kitu. Chembe inapokipenya, molekuli zilizo njiani hupokea nguvu na kuitoa tena kama nuru ya muda mfupi mno, kila upande. Aliyewahi kusafiri usiku kwa ngalawa katika majira ambapo bahari hutoa nuru makasia yanapoyapiga maji, ameona mfano wake ulio karibu zaidi, ijapokuwa sababu yake ni viumbe hai. Kitenzi cha Kiswahili kwa nuru ya namna hiyo ni kumeta. Kimeta kwa bahati mbaya hakiwezi kutumika, maana ni ugonjwa wa mifugo. Na kimetameta ni mdudu arukaye na taa yake. Limebaki mmeto, neno lililo wazi, lisilo na mwenyewe katika elimu hii, na tendo lake linasikika ndani yake. Kwa hiyo katika kurasa hizi mafuta hayo yataitwa mafuta ya mmeto.

Wako watakao sintileta, na hoja yao si ya kudharauliwa: neno la mkopo halimdanganyi mtu, na mwanafunzi atakayesoma kwa Kiingereza baadaye ataliona tena. Hoja hiyo inatosha kwa positroni na gadolini, ambazo hazina sura machoni pa mtu. Haitoshi kwa kitu ambacho kazi yake yote ni kumeta.

Baada ya 1956 mafuta ya mmeto yaliendelea kwa njia moja iliyoonekana kuwa ya lazima, nayo ni njia ya uangavu. Nuru hutokea popote ndani ya tangi, na macho ya umeme yako ukutani. Basi kadiri tangi linavyokuwa kubwa ndivyo mafuta yanavyopaswa kuwa safi. Maandiko ya zama hizo husifu uangavu kama washairi wasifuvyo uzuri. Kilichowatesa watengenezaji ni kwamba mafuta hayakutakiwa kuwa angavu peke yake. Yalitakiwa pia kubeba madini ya kumeza nyutroni, na madini hayapendi mafuta. Huko Chooz, kaskazini-mashariki ya Ufaransa, mwaka 1997 waliyeyusha gadolini katika tani 5 za mafuta kwa njia ya chumvi ya naitreti. Chumvi ile ikaanza kuyaharibu mafuta, nayo yakafifia mwezi baada ya mwezi hata kazi ikafungwa mwaka 1998. Kuna jambo la kusifiwa katika taarifa za Chooz: kufifia huko hakukufichwa, kulipimwa na kuandikwa kama matokeo mengine yoyote. Wanakemia walijifunza. Huko Daya Bay, China, gadolini ilifungwa katika mafuta kwa asidi iliyo ya ukoo mmoja na siki, na vyombo vinane, kila kimoja na tani 20 za mafuta hayo, vilifanya kazi hadi 2020. Matokeo yao makubwa yalitangazwa mwezi Machi 2012.

Mafuta ya Daya Bay yalikuwa alkilibenzini nyoofu. Jina ni gumu, kitu chenyewe ni cha kila siku: ni malighafi ambayo viwanda huigeuza kuwa sabuni ya unga. Ilipendwa kwa kuwa haishiki moto upesi, haina harufu kali, ni rahisi kwa bei, na yaweza kusafishwa hata ikawa angavu ajabu. Chombo cha JUNO, katika jimbo la Guangdong, kilichoanza kukusanya hesabu tarehe 26 Agosti 2025, kina tani 20,000 za mafuta hayo ndani ya tufe la plastiki lenye upana wa mita 35.4. Nuru izaliwayo katikati yake hupita karibu mita 18 za mafuta kabla ya kufika ukingoni. Njia ya uangavu imefika mbali, na haidhaniwi kwamba tufe kubwa zaidi la namna hiyo litajengwa upesi.

Maji yalikwenda njia yake. Hayana mmeto, lakini chembe yenye chaji ikipita majini kwa mwendo upitao mwendo wa nuru ndani ya maji hayo, hutokea nuru ya samawati iliyogunduliwa na Pavel Cherenkov mwaka 1934. Hufanana na mawimbi mawili ambayo mashua yendayo mbio huyaacha pande zake mbili: umbo lake huonyesha upande ilikoelekea. Chombo cha Super-Kamiokande cha Japani, chenye tani 50,000 za maji, kilitumia nuru hiyo tangu 1996, na mwaka 2020 maji yake nayo yakatiwa gadolini. Nuru ya Cherenkov inajua upande, lakini ni hafifu, tena chembe ya mwendo mdogo haiitoi kabisa. Mmeto una nuru nyingi na huziona hata chembe dhaifu, lakini humwagika kila upande wala haujui mgeni alitoka wapi. Mwenye kutaka yote mawili alikuwa hana kimiminika.

Makala ya Brookhaven ya 2011 ilileta kimiminika hicho. Yafaa kukumbuka kwamba ilitoka mikononi mwa wanakemia, katika maabara ambamo Raymond Davis, mwanakemia pia, alikuwa ametengeneza mpango wake wa kuzihesabu nyutrino za jua kwa lita 380,000 za dawa ya kusafishia nguo. Jibu la Brookhaven ni la dobi vile vile. Mafuta hayachanganyiki na maji, illa kwa sabuni. Molekuli ya sabuni ina kichwa kipendacho maji na mkia upendao mafuta. Zikikusanyika, mikia hukutana ndani na kufunga tone la mafuta, na vichwa hubaki nje majini. Matone yakiwa makubwa, kimiminika huwa cheupe, kama lilivyo tui la nazi, ambalo nalo ni mafuta yaliyotawanyika majini. Yakiwa madogo kupita urefu wa wimbi la nuru, macho huona maji matupu. Basi maji mengi, mafuta kidogo ya mmeto, na sabuni ya kuyapatanisha: shabaha na shahidi wa 1956 wamekaa katika tangi moja.

Kwa ufundi, makala hii ni nzuri. Haifichi kwamba nuru yake ni kidogo kuliko ya mafuta matupu, na inaeleza kwa nini uchache huo ni faida: mmeto mwingi ungeizamisha ile nuru ya Cherenkov. Kasoro yake iko katika jina. Kwa Kiingereza kimiminika hiki huitwa mmeto uliojengwa juu ya maji, na wafasiri wamekwisha kuanza kuandika kimiminika cha mmeto chenye msingi wa maji. Msingi ni wa nyumba. Hauchanganyiki na ukuta. Jina hilo linarudisha tabaka za Savannah River, maji chini na kitu kingine juu yake, wakati ambapo sifa yote ya kimiminika hiki ni kwamba tabaka zimekwisha. Kiswahili hakihitaji msingi wala jengo. Kiunganishi cha -a kinatosha: yale ya kwanza ni mafuta ya mmeto, haya ni maji ya mmeto. Mtoto wa shule atauliza mara moja, maji yametoaje mmeto? Na hilo ndilo swali la kujibiwa.

Kuna taabu moja ambayo jina la maji ya mmeto linasaidia kuiona. Maji ya Super-Kamiokande husafishwa daima kwa kuzungushwa katika vichujio. Maji ya mmeto yakipitishwa katika chujio la kawaida, sabuni na mafuta yake hutolewa pamoja na uchafu. Imebidi kutafuta vichujio vyenye vitundu vidogo mno, vya kutenganisha sehemu mbili na kuzirudisha tena. Brookhaven wamejenga chombo cha tani moja na kisha cha tani 30 kwa majaribio ya namna hiyo, na huko Fermilab chombo kidogo cha maji ya mmeto kiliingizwa katika tangi la jaribio la ANNIE mwaka 2023. Msomaji asiyeijua sabuni iliyomo atadhani kusafisha maji ni kazi nyepesi.

Makala ya tatu ni ya ujasiri, na ndiyo iliyoandikwa kwa lugha yenye matatizo zaidi. Kundi la LiquidO liliuliza swali ambalo miaka sitini ya kusifu uangavu ilikuwa imelifunika: kwa nini nuru isafiri? Wakapendekeza mafuta yasiyo angavu. Mafano yaliyotengenezwa Heidelberg, Ujerumani, yalitiwa nta katika alkilibenzini nyoofu. Yakipoa huwa meupe. Nuru ikizaliwa humo hugonga huku na huku na kubaki karibu na mahali ilipozaliwa, kama taa katika ukungu. Nyuzi nyembamba za plastiki, zilizopangwa kwa nafasi ya sentimita moja hivi, huiokota papo hapo na kuipeleka nje. Hivyo chombo hupata picha ya tukio: positroni huacha doa moja, na miali ya gama huacha madoa yaliyotawanyika.

Jina la Kiingereza la makala linatumia neno lenye maana ya kisichopitisha nuru. Neno hilo humeza vitu viwili ambavyo jicho la kawaida huvitenga. Wino haupitishi nuru kwa kuwa huila. Tui halipitishi kwa kuwa huirudisha, na ndiyo sababu tui ni jeupe na wino ni mweusi. Mafuta ya LiquidO ni ya namna ya pili. Kama yangekuwa ya namna ya kwanza nyuzi zote zingekuwa kazi bure. Waandishi wenyewe wanalazimika kulieleza jambo hilo kwa urefu, na maelezo yao ni ya kuridhisha, lakini mzigo huo wamejitwika kwa jina walilolichagua. Mfasiri wa Kiswahili atakayeandika mafuta ya giza, au kimiminika kiziba nuru, atakuwa ameyageuza maneno yao kuwa kinyume. Tui lafaa kwa mfano wa darasani, si kwa istilahi, maana tui ni la nazi na litabaki la nazi. Mafuta ya ukungu ni jina lililo bora zaidi: kila aliyetembea kwenye ukungu wa milimani asubuhi anajua kwamba nuru ipo tele na njia haionekani.

Katika makala hiyo vipimo vilivyoonyeshwa ni vya chombo kidogo sana, na sehemu kubwa ni hesabu za kukisia jinsi chombo kikubwa kitakavyokuwa. Hilo limesemwa wazi na halikuzidishwa. Jaribio lenye uzito wa tani kadhaa limepangiwa mahali karibu na tanuri za umeme za Chooz, huko huko ambako mafuta angavu yenye gadolini yalififia mwaka 1998.